Babu Alikuja Bila Miguu

Mwaka 1998 nilianguka kutoka juu ya mparachichi, kijijini kwetu nje kidogo ya Tukuyu. Mvua za Rungwe mnazijua: shina lilikuwa limeota ukoga, nami nilikuwa na miaka 12 na sisikii la mtu. Mkono wa kushoto ulivunjika mara mbili.

Hospitalini wakaamua kuunyoosha kwa nusu kaputi. Mtaalamu wa usingizi, mzee mpole, alinidunga mshipani akaniambia nihesabu. Nilifika saba. Usingizi haukuja. Nilijikuta darini, nawatazama wote kutoka juu, na kitandani kalala mtoto mdomo wazi, wanamvuta mkono. Nikamhurumia kweli, haikunijia kabisa kwamba ni mimi. Mara dari ikafunguka, nikawa juu ya Daraja la Mungu, pale Mto Kiwira unapopita chini ya mwamba. Ng'ambo alikuwepo babu, mzaa baba, aliyefariki kabla sijazaliwa. Ananiangalia tu.

Nilizinduka nikilia hovyo. Mchungaji aliyekuja kuniombea alisema Bwana amenirudisha. Mtaalamu akatabasamu: "Ni ketamini hiyo, mama. Wengi huruka."

Alijua anachosema. Dawa hiyo ilitengenezwa Marekani mwaka 1962, na hospitali za wilaya zinaipenda kwa sababu mgonjwa kwa kawaida huendelea kupumua mwenyewe. Ila inakata mazungumzo kati ya ubongo na mwili, na ubongo usiopata habari za mwili hujitungia. Ukubwani nilisoma kuwa mwaka 2002 madaktari wa Geneva waligusa kwa umeme kidogo ubongo wa mwanamke mwenye kifafa, upande wa kulia, akasema anajiona kitandani kutoka juu. Aliona miguu yake na kiuno tu. Nilicheka peke yangu, maana babu yangu hakuwa nayo miguu.

Hilo nililigundua siku niliyorudi nyumbani na plasta yangu. Sebuleni ilitundikwa picha yake pekee, nyeusi na nyeupe, imekatwa kifuani. Koti lile lile. Darajani pia alikuwa mweusi na mweupe, akaishia kifuani, na migomba yote nyuma yake ni ya kijani kibichi! Nikaona aibu, kana kwamba nimedanganya watu.

"Bibi," nikasema, "hakuwa babu. Nimeiota picha."

Bibi alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua kichwa.

"Sasa ulitaka aje na sura ipi, mjukuu wangu, na wewe unaijua hiyo moja?"

Sikuwa na jibu, na hata sasa, pamoja na kusoma kote, sina. Akamenya nyingine mbili.

"Alikuambia nini?"

"Hakusema kitu."

"Hata neno moja?"

"Hata moja, bibi."

Akaweka kisu chini, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga.

"Basi ni yeye."