Watu wakishaondoka msibani, unasikiliza nini?

Msiba wa kwetu una watu, na mi naushukuru huo utamaduni kwa moyo wote. Baba alipofariki nyumba ya Mpwapwa ilijaa, turubai likafungwa uani, viti vya kukodi vikaja, akina mama wakahamia jikoni na masufuria yao, wazee wanaota moto nje mpaka usiku wa manane, huyu ana daftari la rambirambi yule anahesabu watu wa chai, yaani huna hata nafasi ya kukaa na mawazo yako. Halafu matanga yanaanuliwa. Ndugu wa Dar wanawahi treni, wa Singida wanawahi basi, na wewe unarudi zako Dodoma mjini kazini, unaulizwa "pole dada, mmeshazika?" unajibu tumeshazika, basi, yameisha hayo.

Kwangu ugumu ndio ulianzia hapo. Nyumba iko kimya, saa nane usiku macho makavu, na huwezi kumpigia mtu simu saa nane umwambie nimemkumbuka baba. Ndio nikaanza kuishi na hedifoni, nasikiliza podikasti, yaani vile vipindi vya sauti vya kusikiliza kwenye simu. Watu wananiuliza sana siku hizi nasikiliza nini, kwa hiyo leo naandika yote sehemu moja, labda kuna mwenzangu yuko kwenye kipindi kama hicho.

Kwanza niseme zisizofaa, kwangu mimi lakini. Zile za motisha, amka, pambana, futa machozi, ziache kwanza. Sisemi wanadanganya, zina wakati wake, ila mtu aliyefiwa mwezi uliopita ukimfokea apambane unamchosha tu. Habari nazo usiku hapana. Hata The Story Book ya Wasafi, ambayo naipenda na Jamal April anasimulia vizuri mno, hiyo naiweka mchana, maana ina midundo na mambo ya kutisha na moyo wangu saa nane za usiku hauhitaji kutishwa zaidi.

Iliyonishika mkono hasa ni Griefcast. Ni ya Cariad Lloyd, mchekeshaji wa Uingereza, alifiwa na baba yake akiwa na miaka 15. Alianzisha podikasti hiyo mwaka 2016, na 2018 ikapewa tuzo ya podikasti bora ya mwaka huko kwao. Anakaa na mgeni mmoja, wengi wao wachekeshaji wenzake, wanamwongelea marehemu wa huyo mgeni, alikuwa mtu wa namna gani, aliumwaje, nyumbani kulikuwaje baada ya hapo, na katikati ya maongezi wanacheka kabisa, kicheko cha kweli, halafu dakika mbili mbele sauti ya mtu inakatika. Mara ya kwanza nilishtuka. Kwetu ukicheka wakati unamtaja marehemu unaonekana huna adabu, kumbe vitu vingi ninavyovikumbuka kwa baba ni vya kuchekesha na nilikuwa sina pa kuvisemea.

Kuna sentensi tunaipenda sana sisi, kazi ya Mungu haina makosa. Naiamini. Ila angalia inavyotumika, mtu anaanza kueleza baba alikuwa hivi, mwingine anaingiza hiyo sentensi na maongezi yanaishia hapohapo, mnahamia kwenye mvua na bei ya mahindi. Wale Waingereza wanavuka pale tunapoishia sisi, wanaendelea kumtaja mtu wao kwa jina lisaa lizima. Mi nilichokuwa nakitaka usiku ni hicho tu, kusikia marehemu anatajwa, hata kama ni marehemu wa watu wengine.

Nyingine ni All There Is ya Anderson Cooper, yule mwandishi wa CNN. Aliianza 2022 wakati anapanga vitu vya mama yake, Gloria Vanderbilt, aliyefariki 2019. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 10, kaka yake akajiua mwaka 1988 (niwatahadharishe, hilo linaongelewa waziwazi humo, kama uko vibaya usianze nayo). Yuko peke yake na maboksi, anafungua moja moja, barua, picha, karatasi za baba yake. Nilivyokuwa namsikiliza nikawa nafananisha na kwetu, sisi vitu vya marehemu vinagawiwa na ukoo, koti linaenda kwa huyu, redio kwa yule, halafu siku unapita sokoni Mpwapwa unaliona koti la baba linakuja limevaliwa na baba mdogo. Inauma na inafurahisha kwa wakati mmoja, sijui niielezeje. Yule Cooper na utajiri wote wa ukoo wake hana baba mdogo wa kumpa koti. Wasikilizaji wake wakaanza kumwachia ujumbe wa sauti kwa simu, wengi kupita kiasi, akawa anakaa anazisikiliza na nyingine akaziweka hewani. Kile kipindi cha sauti za watu wa kawaida ndicho kilinitoa machozi ambayo msibani yaligoma.

Sasa kwa usingizi ni habari nyingine. Hapo hutaki uchungu wa mtu, unataka sauti tu. Nothing Much Happens ya Kathryn Nicolai, Mmarekani, ipo tangu 2018, ni hadithi ambazo kweli hakuna kinachotokea, mtu ametembea bustanini, ameoka mkate, amewasha taa, na kila hadithi anaisoma mara mbili, ya pili polepole zaidi. Ya pili sijawahi kuimaliza. Kuna na Sleep With Me ya Drew Ackerman, ya tangu 2013, huyo anaongea kwa sauti ya kukwaruza hadithi ndefu isiyo na kichwa wala miguu, anakusudia kabisa upotee njiani. Kiingereza kisikutishe. Ukielewa nusu ndio vizuri, inakuwa kama ulivyokuwa mtoto umelala chumbani unasikia wakubwa wanaongea sebuleni, maneno huyajui ila unajua hujaachwa peke yako.

Kuna usiku maneno yoyote ni mengi, hapo natoka kwenye podikasti kabisa naweka muziki wa mzee Hukwe Zawose, Mgogo wetu wa hapahapa Dodoma, alifariki 2003, ile ilimba yake na zeze. Baba alikuwa anampenda.

Mchana nikitoka Nkuhungu kwenda Mtumba kazini ile safari ni ndefu, nasikiliza Salama Na ya Salama Jabir, maongezi marefu ya Kiswahili na watu wanaofahamika, hana haraka na mgeni wake, anamwacha amalize, na Kiswahili chenyewe kinapumzisha.

Mambo ya bando sasa. Sauti inakula kidogo kuliko video, lisaa moja la podikasti mara nyingi halifiki MB 60, wakati video ya lisaa inaweza kula mara nyingi ya hapo, kwa hiyo usisikilizie YouTube kama podikasti hiyohiyo ipo kwenye programu ya sauti. Danlodi ukiwa kwenye waifai ya kazini, usiku unasikiliza bila data. Weka taima izime yenyewe baada ya nusu saa, vaa sikio moja kama una mtoto au mgonjwa ndani, na spidi iache ya kawaida tafadhali, hizi za kukimbiza moja na nusu ni za kusomea mtihani.

Na kama wiki zinapita hulali, huli, au unawaza kufa, hedifoni haitoshi, ndugu yangu. Tuko Dodoma, Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe ipo hapahapa mjini. Najua jina la Mirembe tumeligeuza tusi toka tuko shule ya msingi, na ndio maana mtu anaona heri ateseke kuliko kuonekana pale getini. Ni hospitali. Unaenda, unaonana na mtaalamu, unarudi nyumbani kwako. Ukiogopa kwenda peke yako mwambie mtu akusindikize.

Kinachoniuma ni kwamba hiyo Griefcast ya Kiswahili nimeitafuta sijaipata. Sisi tuliokuwa na redio! Wakubwa zetu wanamkumbuka Deborah Mwenda na Mama na Mwana ya Radio Tanzania, sauti moja inakusanya watoto wa nchi nzima. Na Radio Tanzania hiyohiyo ndiyo ilikuwa inasoma matangazo ya vifo, baba alikuwa anatunyamazisha wote, jina la marehemu, kijiji, na ndugu wanaopewa taarifa mmoja mmoja. Kumtaja marehemu hewani tunakujua siku nyingi, tumekomea tu kwenye taarifa ya kufa kwake, maisha yake hatuyasimulii.

Kwa hiyo naanza na wa kwetu. Simu ya kawaida inarekodi vizuri tu ukikaa ndani na dirisha limefungwa, maana huku upepo wa mwezi wa saba utakula sauti yote. Shangazi yangu wa Mpwapwa, dada yake baba kabisa, ameshakubali, tumepanga baada ya mavuno ya uwele. Nilimwambia nitamuuliza baba alikuwaje alipokuwa mtoto. Akanyamaza kidogo kwenye simu, akasema ataanza na ile siku walipopoteza mbuzi wa watu porini wakaogopa kurudi nyumbani, ila akanipa sharti, niwe nimeshakula na nisiwe na haraka ya basi.