Karanga Sita Ukingoni mwa Ungo

Juzi binti yangu alikuja jikoni na daftari la hesabu mkono mmoja, karatasi yangu ya kwaya mkono wa pili. Yuko darasa la tano, na wiki hii wanarahisisha sehemu.

"Mama, sita juu ya nane si ni robo tatu? Mbona hapa mwanzoni mwa wimbo wako hawajarahisisha?"

Maharage yaliungua nikiwa bado sijamjibu.

Swali hilohilo liliwahi kuniangusha mbele ya watu 30, nikiwa na miaka 16. Mwalimu wa kwaya alikuwa amekwenda msibani kwao Tororo, Pasaka imebaki siku tisa, nikaachiwa wimbo wa kufungia ibada. Solfa, ile ya do-re-mi, nilikuwa naijua vizuri. Nota za mistari mitano ndiyo kwanza nilikuwa najifunza. Mwanzoni mwa mstari nikaona 6 imekaa juu ya 8, nikasema moyoni: krocheti ni nota yenye urefu wa kwava mbili, kwava sita ni sawa na krocheti tatu, kwa hiyo hii ni 3/4 tu, imeandikwa kwa madoido. Nikainua mkono nikapiga tatu. Soprano wakanifuata. Besi, ambao wimbo walishaushika kwa masikio, wakaenda na mbili zao. Kufika ubeti wa pili kanisa moja lilikuwa na nyimbo mbili, na mzee mmoja wa besi akaikunja karatasi yake taratibu, akaiweka mapajani.

Nyumbani kwetu ni kambini. Baba alipiga tarumbeta katika bendi ya polisi. Ndani ya ua Kiswahili, ng'ambo ya ua Luganda. Jioni ile mama alikuwa anachambua karanga barazani. Baba hakuniuliza nalilia nini. Aliokota karanga sita zenye maganda yake mekundu, akazipanga mstari mmoja ukingoni mwa ungo.

"Hesabu."

"Sita."

Akazisogeza kwa kidole cha shahada, tatu huku, tatu kule, katikati akaacha nafasi ya kupita kidole. Akagonga ungo mbele ya karanga ya kwanza, kisha mbele ya ile ya nne. "Sita kwa nane hiyo. Mapigo mawili, kila pigo limebeba watoto watatu." Halafu akazivuruga, akazipanga upya, mbilimbili. Sasa akagonga kwenye ya kwanza, ya tatu na ya tano. "Na hii tatu kwa nne. Nimeongeza karanga?"

"Hapana, baba."

"Nimepunguza?"

"Hapana."

"Namba ya chini inakwambia unahesabu nini. Nne ni krocheti, nane ni kwava. Ya juu inakwambia ziko ngapi kati ya mstari wa wima na mwenzake, yaani katika kipimo kimoja. Lakini uzito unaangukia wapi, hilo halikuandikwa pale. Ni la kulijua."

Kisha akasimama, akaanza gwaride palepale kwenye saruji, ndara zikilia. Moja-mbili-tatu mguu wa kushoto, nne-tano-sita mguu wa kulia. Alisema maachi nyingi za bendi ni sita kwa nane, na askari ana miguu miwili. Ukimpigia tatu utamwangusha. Mama alicheka mpaka akashika ungo usimwagike. Mimi sikucheka. Nilikuwa natazama vile visigino, na kwa mara ya kwanza nikaona sita zikiwa mbili, bila kuhesabu.

Ng'ambo ya ua vijana walikuwa wanafanya mazoezi ya baakisimba, ngoma ya Kiganda, kuna nyumba ilikuwa na kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwao, Jumamosi. Baba akanyamaza. "Na wale?"

Nikasikiliza. Embuutu, ile ngoma kubwa, ikanipa mbili, waziwazi. Engalabi, ile ngoma ndefu, ikaingia, nikajikuta niko kwenye tatu. Nikajirudisha kwenye mbili, zikanitoroka tena.

"Ni mbili au tatu, baba?"

Alisikiliza muda mrefu, kichwa ameinamisha. "Wao hawajawahi kuulizwa," akasema, akaingia ndani.

Pasaka niliongoza kwa mbili na wimbo ukaenda. Kwenye kipimo cha mwisho kabla ya Amina tu, besi walijikwaa kidogo, nadhani hakuna aliyesikia zaidi yangu.

Karatasi aliyoishika binti yangu ndiyo ileile. Juu ya kila kipimo baba alinichorea vialama viwili vya penseli, usiku uleule. Nilipoiinua kwenye mwanga wa dirisha ili nimwonyeshe, nikaona kabla ya Amina pana michubuko ya raba, na chini ya michubuko vialama vitatu. Nilivifuta mwenyewe. Nilidhani mzee alichoka, mkono ukapitiliza. Na nota za pale ni krocheti tatu zimesimama sawasawa, hazina mkia, zimekuwa pale miaka yote. Alitaka nipige tatu mahali pamoja tu, halafu nirudi. Au alitaka nizisikie tu, mkono ukiendelea na mbili. Baba hayupo tena wa kuulizwa.

Nilichukua penseli ya binti yangu nikavirudisha vile vialama vitatu. Akavitazama, akaniuliza kama sasa ndiyo nimerahisisha.