Kutoka tope la Mtoni hadi matangi ya Kunduchi

Tuliingia hori la Mtoni, Dar es Salaam, kuchukua tope lenye mafuta ili tujaribu kama bakteria wanaweza kuyala. Ilikuwa asubuhi ya bamvua, maji yamekupwa na mizizi ya mikoko iko wazi. Tope la juu ni la kahawia, lakini milimita chache chini yake ni jeusi na linanuka yai viza. Weusi huo ni salfaidi ya chuma: oksijeni imekwisha, ndiyo maana mafuta yaliyozama humo hukaa miaka.

Bomba la alumini lilizama sentimita 30, tukaliziba juu kabla ya kulivuta. Usipoziba, tope linabaki shimoni. Kopo la plastiki halifai, maana mafuta hunata kwenye kuta zake. Tulitumia chupa za kioo, karatasi ya alumini chini ya kifuniko. Sampuli za kupimwa mafuta zitagandishwa. Za kujaribia bakteria hupozwa tu, kwa kuwa kugandisha huua wengi wao.

Barabarani kwenda Kunduchi, kupitia Mandela, Ubungo, Sam Nujoma na Mwenge, ni foleni tu. Barafu ya deli iliongezwa njiani.

Kunduchi, pampu yenye saa hujaza kila tangi la tope kwa takribani saa 6 na dakika 12, kisha hulikausha kwa muda uleule, kama bahari yenyewe. Matangi matatu hayaguswi, matatu hupata mbolea tu, matatu mbolea na hewa. Kwa kila gramu 100 za kaboni ya mafuta huwekwa gramu 10 za naitrojeni na 1 ya fosforasi, mbolea ya kuyeyuka polepole. Ile ya kawaida huondoka na maji ya kwanza kupwa. Bakteria wa kununua hatuwaoni wa lazima: walaji wa mafuta wamo tayari topeni, wanachokosa ni hewa na mbolea. Jua likipunguza maji, ongeza maji yasiyo na chumvi, usiongeze ya bahari, maana chumvi haivukizwi na itazidi 35 kwa elfu.

Mafuta yakipungua, yalinganishe na hopani, kiambata kilichomo kwenye mafuta yenyewe ambacho bakteria hawakiharibu kwa urahisi. Kama hopani nayo imepungua kwa kiasi kilekile, mafuta yamesombwa, hayakuliwa.

Hatari kubwa iko kwenye hewa yenyewe. Ikifika kwenye salfaidi, metali za risasi na zinki zilizofungwa humo huachiwa majini, na hakuna bakteria anayeimaliza metali. Kwa hiyo kila tunapochukua tope, maji ya tangi nayo huchujwa kwa chujio la mikromita 0.45 na kutiwa asidi ya naitriki hadi pH chini ya 2, tayari kupimwa metali. Metali zikipanda, hewa hupunguzwa hata kama mafuta yanaliwa vizuri.