Mafaili Niliyoyarudisha kwa Mzee

Januari 2022 ilikuwa inaishia na Mahakama Kuu ilikuwa bado likizoni. Likizo hiyo huanza Desemba 15 hadi Januari 31, na kwangu ndicho kilikuwa kipindi pekee cha kukaa ofisini mchana nikafikiri. Miezi mingine mchana si wa wakili. Saa tatu uko Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, unakaa benchi hadi saa sita, kisha shauri linaahirishwa kwa sababu shahidi hakutokea. Unakimbilia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwenye mgogoro wa kazi. Kuandika hati za viapo na hoja unaanza jioni, wenzako wakifunga milango.

Na sheria haikusubiri. Notisi ya kukata rufaa Mahakama ya Rufani ina siku 30, na rufaa yenyewe siku 60 tangu notisi ipokelewe. Ukipitwa, unaomba kuongezewa muda, na kila siku uliyochelewa uitolee sababu.

Binti yangu, wakati huo yuko darasa la tatu, alizoea kuniachia maswali yake ya hesabu kwenye karatasi juu ya meza ya chakula. Nikirudi usiku naandika majibu chini yake. Tukawa kama pande mbili zilizoamriwa kuleta hoja kwa maandishi. Nilimpenda sana kwa uvumilivu ule, lakini sikutaka auzoee.

Basi mchana huo Mzee, mwenye ofisi yetu, akaingia na faili jipya la mkopo wa benki.

“Wakili, hili lako. Mteja mkubwa.”

“Shikamoo Mzee. Naomba nisilipokee. Na haya naomba niyarudishe.”

Nilikuwa nimeyapanga mezani: ya kazi, ya mikataba, ya jinai. Upande wangu nilibakisha mirathi. Akavuta kiti.

“Binti yangu, mirathi haina pesa.”

Hakukosea, mjane anayegombea nyumba moja na mashemeji hawezi kulipa kama benki. Nikamweleza kwamba mwaka uliopita mashauri ya mirathi na familia ya jiji yalikuwa yameanza kupelekwa Kituo Jumuishi Temeke, kuanzia Mahakama ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu katika jengo moja. Asubuhi moja pale ningeweza kuhudhuria mashauri ambayo zamani yalinizungusha mji mzima. Tena mirathi ina kalenda inayoonekana mapema: kwa msimamizi aliyeteuliwa na Mahakama Kuu, orodha ya mali ndani ya miezi 6, hesabu ndani ya mwaka. Kazi hiyo niliijua vizuri, na bado naamini wajane wanastahili wakili asiyeangalia saa.

Alinyamaza kitambo. “Mgao wako utapungua.”

“Najua, Mzee. Nimeshazungumza na baba watoto.”

“Haya. Andika makabidhiano, kila faili na tarehe yake.”

Wiki nzima niliandika: shauri liko hatua gani, kinachosubiriwa nini, ukomo lini. Nikawapigia wateja mmoja mmoja kuwajulisha. Wote walikubali isipokuwa babu mmoja wa Kigamboni mwenye kesi ya kiwanja. Akaniambia, “Mwanangu, mimi nilikuja kwako.” Lile sikulikabidhi. Niliendelea nalo hadi hukumu.