Mlango wa Dereva, Elfu Sitini

Jumamosi tulikuwa tunatafuta hati ya kiwanja. Sanduku la chini ya kitanda limeshapekuliwa mara mbili, kadi za kliniki zimetoka, risiti za saruji zimetoka, hati haipo, na mimi ndiye ninayelaumiwa. Binti akavuta kaunta buku jeusi lililoliwa na mende pembeni, akaanza kusoma kwa sauti ya mtangazaji.

"Mpango wa Suzuki. Moja, kunyoosha mlango wa dereva, elfu sitini. Mbili, tairi kubwa nne na spea yake..." Akageuza kurasa, akahesabu kwa kidole. "Baba, vitu kumi na saba, umekata kimoja tu. Kwa hiyo ulinyoosha mlango basi?"

Mama yake alikuwa amesimama na ufagio. Hakusema neno. Alicheka kwa pua, kile kicheko ambacho wenye ndoa za muda mrefu mnakijua, akaendelea kufagia.

Ilikuwa Februari 2012. Mkopo wa Saccos ulikuwa umetoka kwa ajili ya kupaua nyumba. Nalisema hili mapema nisije nikaonekana nalificha. Nyumba ilikuwa imeishia kwenye lenta tangu mwaka uliotangulia, majani yanaota sebuleni, na mimi nilikwenda Unga Limited, hapo Arusha, kuulizia bei ya mbao. Nikarudi na namba ya simu ya dalali.

Suzuki SJ410. Ile ndogo ya pembe nne ambayo mtaani wengi wanaiita Samurai bila kuuliza. Nyeupe iliyokuwa imeanza kuwa rangi ya maziwa ya mgando, namba A, turubai la nyuma limeshonwa kwa uzi wa viatu. Injini yake ni cc 970, haifiki hata lita moja, gia nne, breki zote za ngoma. Lakini silinda nne. Dalali aliirudia hiyo kama mtu anayesoma tasbihi. "Silinda nne hii, kaka. Ndugu yake anayetembea kule Japani ana silinda tatu. Hii nne, kama Land Rover!" Nilipomweleza mjomba wangu, ambaye ameendesha Land Rover 109 mpaka mgongo ukapinda, alisema punda naye ana miguu minne kama tembo.

Historia ya gari ilikuwa nzuri mno. Lilikuwa la mama mmoja wa Njiro, alikuwa akiendea kanisani tu, porini halijui. Jina kwenye kadi lilikuwa la mwanamume. "Marehemu mume wake," dalali akasema, akainamisha kichwa kidogo, na mimi, Mungu anisamehe, nikatoa pole. Walitaka milioni tano na laki mbili, tukaishia nne na laki tatu. Dosari niliyoiona kwa macho yangu ilikuwa moja: mlango wa dereva ulikuwa na bonde, duara la ukubwa wa kisosi cha chai, na juu yake mkwaruzo mrefu uliopanda hadi karibu na kioo. Kwa sababu ya bonde hilo kioo kilikuwa kinashuka nusu kisha kinagoma. Dalali akasema mama aligonga geti.

Usiku ule ndipo nilipofungua kaunta buku.

Sijui kama nyinyi mmewahi kupanga gari. Ni utamu wa peke yake, kwa sababu kwenye karatasi hakuna nati inayogoma. Nilianza na mlango kwa kuwa ulikuwa unaniudhi kila nikiufungua. Kisha tairi kubwa. Kisha nikagundua kwamba tairi kubwa hazitaingia bila kuinua bodi, basi nikaandika kuhamisha springi: kwenye gari hili springi zimekaa chini ya ekseli, ukizipandisha juu ya ekseli unapata kama inchi tano za bure. Si za bure. Ukiinua hivyo, mipira ya breki inakuwa mifupi, propela zinakaa kwenye pembe mbaya, mikono ya stelingi inapinda. Kila jambo likazaa watoto. Halafu injini ya cc 970 haiwezi kuzungusha tairi zile, kwa hiyo ama ubadilishe gia za ile boksi ndogo ya fowili, inayofanya tairi zote nne zivute, ziwe nzito zaidi, ama ung'oe injini nzima upandikize ya Suzuki Escudo, cc 1600. Niliandika zote mbili. Bomba la kuvutia hewa juu ili nivuke mito. Mito gani, sikuandika. Winchi. Bampa la chuma la kuchomelea. Keria ndefu ya juu, yenye ngazi.

Mke wangu alisoma ukurasa ule asubuhi akiwa ananyonyesha. Akauliza kitu kimoja tu: "Paa la gari umelipangia. La nyumba je?"

Fundi wangu alikuwa na huruma zaidi. Alilala chini ya gari, akatoka na vumbi usoni, akalitazama daftari kama anavyotazamwa mgonjwa. "Bosi, hiki kigari ni chembamba. Ukikipandisha hivi kinakuwa ngazi. Kona ya kwanza ya Kisongo utalala nacho." Akashauri tubadilishe oili kwanza. Nikamwona mtu asiye na maono.

Aprili tukaenda Lolkisale. Tulikuwa tumekodi ekari tano za maharage, mvua ilikuwa imepiga wiki nzima, na kijana aliyekuwa akituangalizia shamba hapokei simu. Nilisema hii ndiyo safari ambayo gari lilinunuliwa kwa ajili yake. Mke wangu akapanda mbele, mtoto mapajani, wa mwaka mmoja na nusu, huyu huyu anayesoma daftari sasa. Njia ya kwenda nitairuka. Lami iliisha, vumbi lingekuwepo kama si mvua, tukaimba kidogo.

Udongo wa mbuga wenyeji wanaujua. Ukikauka unapasuka, unaweza kuingiza mkono kwenye ufa. Ukilowa unanata kama ugali wa muhogo, unajaza meno ya tairi mpaka tairi inakuwa andazi. Tulifika kwenye bonde moja dogo, maji hayafiki hata kifundo cha mguu. Nikasimama kabla ya kuingia, makusudi, ili nifanye lile jambo. Kando ya gia kubwa kuna kijiti kifupi kimeandikwa 2H, 4H, N, 4L. Nilikuwa nimekiota kijiti kile. Nikamwambia mke wangu, na naomba mnisamehe kwa sauti niliyotumia: "Sasa naweka fowili. Mshike mtoto vizuri."

Nikavuta kwenye 4H. Kikaingia kwa mlio mzuri kabisa. Tukateremka, tukaingia kwenye tope, tukaenda kama mita nane, tukasimama. Injini inalia, gari halisogei. Nikavuta 4L, ile ya polepole yenye nguvu zaidi. Likalia kwa sauti nene zaidi, likazama zaidi. Nikatoa kichwa pale kioo kilipoishia, nusu, nikatazama. Tairi za nyuma zinazunguka, zinarusha tope mpaka kwenye turubai. Za mbele zimetulia kama wageni msibani.

"Ndiyo hiyo fowili?" mke wangu akauliza. Hakuwa na ubaya. Alikuwa anauliza kweli.

Nilichimba kwa mikono na sahani ya bati tuliyobebea chapati. Nilikata vichaka nikatandika. Jeki ilizama, ikabidi niichimbe nayo. Saa kumi na moja jua likaanza kushuka upande wa Tarangire, mtoto akaanza kulia kilio cha njaa, na mimi kichwani nilikuwa napanga: ningekuwa na winchi. Ningekuwa na zile tairi. Nilikuwa nimesimama kwenye tope mpaka magotini, na mpango ulikuwa unaongezeka.

Mbuzi ndio waliotokea kwanza, kisha kengele, kisha layoni mmoja, mvulana wa Kimaasai wa miaka kama kumi na miwili, shuka lake limefungwa begani, fimbo mkononi. Alikuja moja kwa moja mbele yangu akainamisha kichwa ili nimguse, kama watoto wa Kimaasai wanavyomwamkia mtu mzima. Mikono yangu ilikuwa tope tupu. Nikamgusa kwa kiwiko.

Hakuuliza tumekwamaje. Alizunguka gari mara moja, taratibu, kama mtu anayekagua mfugo mnadani. Akachuchumaa kwenye tairi ya mbele kushoto. Katikati ya rimu pale kuna kitu cha chuma, kama kifuniko cha chupa ya chai, ambacho nilikuwa nimekiosha mara nyingi kwa sabuni nikidhani ni pambo. Akafuta tope kwa kiganja. Akachokonoa mfereji wake kwa ncha ya fimbo, kidogo kidogo, mpaka maandishi yakaonekana: FREE upande mmoja, LOCK upande wa pili. Akashika kile kitasa kwa vidole, hakikwenda. Akaokota jiwe, akagonga pembeni mara mbili, si kwa nguvu, akashika tena akazungusha. Kikaita *kah*.

"Hii haijafungwa," akasema.

Akazunguka upande wa kulia akafanya vile vile. Pale hakuhitaji jiwe. Kisha akasimama kando, akanionyesha injini kwa kidevu. "Washa."

Niliwasha. Nikaweka 4L, nikaachia klachi pole pole, na Suzuki likatetemeka kidogo, tairi za mbele zikashika, likatoka kwenye lile shimo bila haraka, kama ng'ombe aliyechoka kulala. Mbuzi wakatawanyika. Mke wangu alikuwa amenyamaza. Nadhani alinionea huruma, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Nikamwuliza yule mtoto amejuaje. Akanishangaa. Gari la daktari wa ng'ombe liko hivi, akasema, akija boma anafunga hizi kwanza, na wao watoto ndio wanaofunga, wanagombania. Halafu akatembea mpaka mlango wa dereva. Akakunja ngumi, akaiweka ndani ya lile bonde. Ikaenea.

"Hapa ni dume letu," akasema. "Daktari alikuja na chanjo. Dume likakataa." Akapitisha kidole kwenye ule mkwaruzo kuelekea juu, akionyesha pembe ilivyopanda. Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyekutana na jamaa yake mjini.

Nikasikia kitu upande wa abiria. Mke wangu alikuwa amelaza paji la uso kwenye dashibodi, mabega yanatikisika, mtoto anamvuta kitenge. Alipoinua uso machozi yalikuwa yanamtoka. "Mama wa Njiro," akasema. "Wa kanisani." Akashindwa kuendelea.

Layoni alikataa biskuti, au aliipokea akampa mbuzi, sikumbuki vizuri. Alichoomba ni chupa tupu ya maji. Tulikuwa nazo mbili, tukampa zote.

Maharage tuliyakuta yamelala kwenye maji. Hiyo ni habari nyingine na sina hamu nayo.

Usiku, kabla ya kuvua viatu, nilifungua daftari nikakata namba moja. Kalamu nyekundu, mstari mmoja. Nimejiuliza wiki hii kwa nini. Labda niliona aibu kulipia fundi bodi elfu sitini amfute dume wa watu. Labda ni ubahili tu uliopata kisingizio kizuri. Zile kumi na sita nyingine sikuzigusa. Niliendelea kuziongezea bei kila mwaka, kwa penseli, kama mtu anayesahihisha mtihani wake mwenyewe. Ule muda nilioishi na gari lile nilibadilisha oili, gasketi ya silinda hedi na kabureta, yaani yale aliyosema fundi.

Mwaka 2014 niliuza, milioni tatu na laki tisa, zikawa mabati ya geji 28. Mnunuzi alipouliza historia ya gari nilifungua mdomo nimwambie ukweli, nikajikuta naanza na silinda nne.

Binti bado anasubiri jibu la mlango. Sijamwambia, kwa sababu nikimwambia habari ya mlango itabidi nimwambie na habari ya paa, na mama yake anafagia karibu.

Nililiona tena mara moja, Kwa Mrombo, Jumapili, limeegeshwa kando ya moshi wa nyama choma. Ningepita kama si zile namba. Limepigwa rangi ya kijani isiyong'aa, limeinuliwa, tairi kubwa, bampa la kuchomelea, bomba la hewa juu, keria yenye ngazi. Kila kitu. Mtu ambaye hajawahi kuniona alikuwa ametekeleza daftari langu karibu lote. Nikaenda upande wa dereva. Mlango ulikuwa bapa, laini kabisa, na kioo kimeshuka chote.

Nilikuwa bado nimeweka kiganja pale mwenye gari alipotokea na kijiti cha meno, kijana, ana miwani ya jua kichwani. "Vipi, unalipenda?"

Nikakosa la kusema. Nikamwuliza kama anajua kwamba za mbele zinafungwa kwa mkono kabla hujaingia kwenye tope.

Akacheka vizuri tu. "Hizi nimeweka otomatiki, mzee."