Kosa la mwenzako ndani ya injini yako ya chesi

Majibu sahihi hufanana. Injini ya chesi, yaani programu inayocheza chesi, ikiandikwa vizuri, iwe imetoka Kampala, Gulu au Oslo, lazima ihesabu hatua 20 mwanzoni mwa mchezo, kisha, kila upande ukisogeza kwa zamu, njia 400, halafu 8,902, halafu 197,281. Huwezi kumlaumu mtu kwa kupata 197,281. Ukopi huonekana kwingine: kwenye makosa, na kwenye vitu ambavyo mwandishi alijichagulia tu.

Chukua namba za Zobrist. Kila kete kwenye kila mraba hupewa namba ya nasibu ya biti 64, na mchanganyiko wa namba hizo ndio unaoitambulisha nafasi nzima ubaoni. Stockfish, injini maarufu ya chesi ambayo msimbo wake uko wazi, huzizalisha kwa kuanzia na mbegu 1070372, yaani namba ya kuanzia hesabu za nasibu. Mbegu nyingine nyingi zingefaa vilevile. Kwa hiyo ukiikuta 1070372 ndani ya injini ambayo mwenyewe anaapa kuwa aliianza kutoka sifuri, usiseme ni bahati. Namba 781 za aina hiyo za Polyglot, muundo wa vitabu vya ufunguzi, ni habari nyingine: zilitangazwa makusudi ili programu zote zisome vitabu hivyo. Zitumie, ila useme umezitoa wapi.

Hoja ya namna hiyo ndiyo iliyoibuka kwenye kesi ya injini ya Rybka. Mwaka 2011 ICGA, chama cha kimataifa cha michezo ya kompyuta, kiliinyang'anya mataji ya dunia ya 2007 hadi 2010, kikisema imechukua kutoka injini za Crafty na Fruit. Fruit 2.1 ilitoka 2005 chini ya GPL, leseni ya programu huria. Kati ya ushahidi ulioletwa, kulikuwa na mahali ambapo muda unalinganishwa na 0.0, yaani namba ya desimali, wakati Rybka yenyewe ilihesabu muda kwa namba kamili. Kwenye Fruit 0.0 ina sababu. Kwenye Rybka ilionekana kama mgeni. Vasik Rajlich, mwandishi wake, alikana, na ubishi haujaisha. Lakini alama ndogo kama hiyo ndiyo mwenye jicho huitafuta.

Nisieleweke vibaya: kujifunza kwa mwenzako ni halali kabisa. Fundi wa Katwe hutazama sigiri ya jirani, akaona bati limekunjwaje, akaenda kufua yake. Sheria yetu ya hakimiliki ya Uganda ya 2006 nayo inalinda programu za kompyuta lakini hailindi wazo wala mbinu. Alpha-beta, mbinu ya kutafuta hatua bora, ni ya wote. Mistari ambayo mtu ameiandika ni yake, na kubadilisha majina ya vigezo au kuihamisha kutoka C++ kwenda Python hakuifanyi kuwa yako.

Kinachoniuma ni kwamba leseni nyingi zimekuruhusu tayari! Leseni ya MIT inataka tu ubakishe tangazo la hakimiliki na maandishi ya leseni yenyewe. GPL inakuruhusu hata kuuza, mradi anayepokea programu apate na msimbo wake, na kazi yako iliyojengwa juu yake ibaki chini ya GPL. Maana yake ukirusha faili la exe peke yake kwenye kundi la WhatsApp, bila msimbo wala mahali pa kuupata, umeshavunja leseni.

Andika chanzo siku ileile unayokopi, kwa sababu baada ya miezi miwili hutakumbuka. Weka faili la mwenzako kwenye Git, programu inayotunza historia ya msimbo, kwanza kama lilivyo, bila kugusa herufi, ndipo ubadilishe. Historia itaonyesha yenyewe kipi chako. Juu ya kipande chenyewe taja programu, toleo, faili na leseni. Injini ikijibu UCI, lugha ambayo injini huongea na programu ya ubao, mstari wa "id author" usibaki na jina lako pekee ikiwa utafutaji wote ni wa mwingine. Msimbo uliopewa na msaidizi wa akili mnemba ukague pia.

Anayekopi gizani hujiumiza kiufundi. Viwango vya kukata matawi vya Stockfish, yaani vya kuacha kuchunguza hatua zisizo na tumaini, vimepimwa kwa mamilioni ya michezo dhidi ya tathmini yake yenyewe. Ukivibandika juu ya PeSTO, jedwali la thamani ya kila kete kwenye kila mraba, vipimo havilingani na injini inatupa hatua nzuri. Kizalisha hatua cha kukopi nacho kinaweza kupita mtihani ule wa kuhesabu njia tangu mwanzo wa mchezo hadi kina cha 6 huku hatua ya mfalme na ngome kusogea pamoja ikiwa mbovu, kwa kuwa huko haijatokea hata mara moja. Kipime kwa Kiwipete, nafasi maarufu ya majaribio: hesabu ziwe 48, 2,039, 97,862. Ikikataa, utahitaji kuuelewa msimbo ili uurekebishe.

Ukishuku injini ya mtu, usianze kumtangaza. Kusanya sehemu tatu au nne zinazofanana bila sababu ya kiufundi, hakikisha hazitoki kwenye chanzo cha tatu mlichokopi nyote, kisha mwandikie faragha: ndugu, hii 1070372 umeitoa wapi?