Foleni ya mizani

Jumamosi, 16 Novemba 2024

Leo nimeshinda ghalani. Nimefika saa mbili asubuhi na viroba vyangu viwili vya korosho nyuma ya bodaboda, nimetoka saa tisa na nusu. Mizani ni moja, kijana wa mizani ni mmoja, na waliotangulia walikuwa wengi, wengine wamelala palepale juu ya mizigo yao tangu jana.

Miaka yote shughuli hii ni ya mke wangu. Mimi nilikuwa kazini. Ndivyo nilivyozoea kusema, "nipo kazini", hata siku ambayo kazi yenyewe ilikuwa kusahihisha madaftari chini ya mwembe. Nimestaafu Agosti, nilipotimiza miaka 60, na mama watoto amesema maneno mawili tu: zamu yako.

Ubavuni mwa ghala kuna gogo la mkorosho uliokatwa, na kivuli kinafika hapo mpaka saa sita. Tulikaa wanne. Mimi, dereva wa basi wa zamani ambaye mji mzima unamwita Suka, sista mmoja aliyemaliza utumishi wake hospitali miaka mitatu iliyopita, na bibi ambaye wajukuu zake wawili nimewafundisha. Watu wakikaa saa nyingi bila shughuli, mwisho huulizana: wewe ulikuwa nani? Wanauliza hivyohivyo, "ulikuwa". Niliposikia nimeelekezewa mimi nilitaka kugeuka nyuma nimwone anayeulizwa.

Nikaeleza. 1986, nikiwa na miaka 22, mwalimu wa daraja la III A, nikapangiwa Liwale. Baadaye Masasi, halafu Mtwara mjini. Mwalimu wa kawaida, mwalimu wa taaluma, mwalimu mkuu msaidizi. Niliyapanga vizuri kama mtu anayejaza fomu, kila kituo na mwaka wake. Nilipomaliza bibi akauliza, "Na hela umepata?"

Hela sijapata. Na hofu yangu haikuwa hapa. Sisi walimu kwa miaka sita tumeogopa kikokotoo, ile kanuni ya kukokotoa mafao ya kustaafu: 2018 ukatangazwa mkupuo, yaani sehemu inayolipwa mara moja, wa asilimia 25, tukashika vichwa, ukasitishwa mwaka huohuo, 2022 ikaja asilimia 33, na kwenye bajeti ya mwaka huu kundi letu likapandishiwa hadi 40. Nikajiona mwenye bahati, nastaafu bajeti ikiwa bado mbichi. Kumbe langu ni karatasi. Jaladani haimo barua yangu ya kuthibitishwa kazini, ya 1988. Ofisi husika inanitaka mimi nilete nakala. Nakala niliyokuwa nayo mimi ililiwa na mchwa Liwale, ndani ya sanduku, pamoja na mguu mmoja wa suruali ya harusi.

Na hiyo fedha ambayo haijaja imeshakwisha. Kwetu Wamakonde mjomba ni mjomba. Mtoto wa dada yangu mkubwa anataka bodaboda, wa pili anaanza chuo, dada mwenyewe ana nyumba imesimama kwenye lenta inasubiri bati. Hakuna hata mmoja aliyeniomba. Wananipigia kunijulia hali, wanamaliza na, "Mjomba, yale mambo yamefikia wapi?"

Suka alicheka mpaka uraka ukamtoka puani. (Ndiyo, alikuwa na kidumu cha uraka, pombe ya mabibo, saa nne asubuhi. Msimu ni msimu.) Yeye hakuwa na mafao ya kusubiri. Aliendesha mabasi ya watu, tajiri huyu, tajiri yule, na hakuna hata mmoja aliyemkatia michango. Lakini alipoanza kueleza kazi yake mimi na mpangilio wangu wa vituo tulifunikwa kabisa.

Ameendesha Mtwara–Dar es Salaam tangu enzi za kivuko cha Ndundu, mto Rufiji. Nani asiyekumbuka? Masika ikishika, kutoka Nangurukuru kwenda mbele palikuwa hapaendeki. Unafika Muhoro unakuta malori yamezama mpaka kwenye bodi, abiria wanapika ugali kando ya barabara, akina mama wanajuana kwa majina. Mwenye uwezo alipanda meli. Suka anasema tope lina rangi. Lile jeusi linalong'aa usiliguse. Lile lenye nyufa juu lina uongo, chini ni uji. Tope la kupita ni lile ambalo ng'ombe amekanyaga na kwato imebaki na kingo. Alikuwa anashuka, anavua viatu, anatembea peku mbele ya basi hatua hamsini, anarudi anasema tunapita au tunalala. Abiria sitini wanamngoja mtu anayekanyaga tope.

Daraja la Mkapa kwenye mto huo likafunguliwa 2003, na kipande cha Ndundu hadi Somanga kikachelewa miaka mingi kisha nacho kikapata lami. Sasa basi linatoka Mtwara alfajiri na jioni uko Dar, kilomita 560 hivi, abiria kalala na simu mkononi. "Lami ilipokamilika," akasema Suka, "kila mtu akawa dereva." Tajiri alimtafutia kijana wa nusu mshahara, na yeye akarudi shambani akiwa na miaka 54.

Ila mwezi wa tano mwaka huu kimbunga Hidaya kilipoleta ile mvua, makalavati yakasombwa upande wa Kilwa na barabara ikafungwa. Hapo simu ya Suka ikaanza kulia. Vijana wamekwama na abiria, hawajui pa kugeukia. Akawa amekaa barazani kwake anawaelekeza: rudini Lindi, mkate Mingoyo, Masasi, Tunduru, mlale Songea, msithubutu usiku kucha, halafu Njombe, Iringa. Anawaambia wapi pa kujaza mafuta, wapi pana chakula, kona gani washuke na gia ndogo. Mke wake alimletea chakula mara tatu kikapoa. "Siku zile," alisema, akanyamaza, akajimiminia tena.

Sista alieleza kwa ufupi, na nilimwelewa. Miaka 36 wodi ya wazazi. Sasa usiku mtu akibisha hodi anainuka kabla hajaamka, anajikuta ameshika kitasa. Wengine ni walevi tu wamekosea nyumba. Wengine ni kweli. Bado anacho kile kidude cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, kile chenye umbo la tarumbeta ndogo, anakitumia kufungia mlango usibamizwe na upepo.

Hapo ndipo kijana wa mizani alipoingilia kati. Aliniita. Nilimfundisha darasa la tano, huyu; alikuwa na mwandiko mzuri na uvivu mzuri. Akatia mkono kwenye kiroba changu cha kwanza, akachota, akazitikisa karibu na sikio. Sawa. Cha pili akatikisa, akatikisa tena, akabonyeza moja kwa ukucha. "Mwalimu, hizi hazijakauka. Zianike kwanza, halafu rudi." Rudi! Neno nililowaambia watoto wa watu kwa miaka 38, huku wameshika daftari. Nikaazima turubai, nikazimwaga juani, nikachuchumaa nazigeuza kwa mkono mbele ya watu wote. Bibi akaja kunisaidia bila kuitwa.

Ndipo nikaiona mikono yake.

Ncha za vidole vyake hazina michirizi. Ni laini, nyeusi, zinang'aa kama mbegu. Nikamuuliza, naye akaanza kueleza kazi yake palepale, tumeinamia korosho.

Alikuwa msichana wa kiwandani hapa mjini. Serikali ilijenga viwanda vya kubangua korosho mikoa hii miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa 1980, na yeye alikaa meza ya kuchagua: nzima huku, nusu huku, zilizoungua huku. Walikuwa na sare. Walikuwa na kengele (akaniangalia). Alikuwa na kitabu cha benki. Lakini korosho zenyewe zilikuwa zinapungua. Nchi iliuza tani kama 145,000 msimu wa 1973/74, halafu watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa, mikorosho ikabaki porini peke yake, bei ikawa ya kukatisha tamaa, ubwiri unga ukaingia kwenye maua. Katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa hayafiki hata robo ya zile. Kiwanda hakikutangaza kufungwa, alivyosema. Walianza kuambiwa njooni Jumatatu na Alhamisi. Halafu njooni Jumatatu. Halafu wakakuta geti lina mnyororo.

Akaenda kufanya kazi ileile nyumbani, jikoni. Bati lililotobolewa juu ya moto, korosho zinatoa yale mafuta, moshi unauma macho, unamwagia mchanga, unagonga moja moja kwa jiwe. Majivu mikononi ndiyo glovu. Yale mafuta yanakula ngozi, kila mtu wa huku anajua, ila kula kwa miaka 40 ni jambo lingine. Mwaka ule wa kusajili laini za simu kwa alama za vidole, kimashine cha wakala kilikataa vidole vyake vyote kumi. Alirudi mara nne, akapaka mafuta ya nazi, akasugua kwa limau. Wakala akamwambia, "Bibi, mashine inasema hakuna mtu." Basi laini yake imesajiliwa kwa jina la mjukuu, na meseji ya hela ya korosho humfikia mjukuu kwanza.

Nilimuuliza swali la kijinga. Nilimuuliza alistaafu lini. Akasema, "Mimi? Kazi ndiyo iliyostaafu."

Nimelifikiria hilo tangu alasiri mpaka sasa naandika. Pale kwenye gogo nilieleza maisha yangu kana kwamba kazi ni kitu kinachosimama, watu ndio wanaopita. Mkoa huu haujawahi kuwa hivyo. Marehemu baba alikuwa kwenye gengi la reli. Vijana wengi hawaamini nikiwaambia hapa kulikuwa na treni: Waingereza walikuja na mradi wa karanga wa Nachingwea 1947, ukafa 1951, lakini bandari ya Mtwara na reli ya kubeba karanga zisizokuwepo vilishaanza, vikamaliziwa hivyohivyo. Baba alipata kazi kwenye reli ya mradi ambao umekwisha kufa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikang'olewa, na mama aliniambia wale wale walioikarabati ndio waliolipwa kuing'oa. Baba akapewa ujira wake wa mwisho, akaja kwa wakwe, akapanda mikorosho kwenye shamba la mama. Ndiyo hii ninayookota.

Na huyo kijana wa mizani amesomea uchomeleaji chuo cha ufundi cha VETA, 2012, mji mzima ulipokuwa unanuka gesi na kodi ya chumba inapanda kila mwezi. Bomba la gesi likaenda Dar. Yeye yuko kwenye mizani Oktoba hadi Desemba, miezi mingine anachomelea mageti kama yapo. Nilimkasirikia kwa lile "rudi" lake dakika kumi tu.

Kwa hiyo ni sisi wachache, walimu na masista na makarani wa serikali, ndio tunaostaafu kweli: kazi inabaki pale, mtu mwingine anaikalia kiti. Shule yangu Jumatatu itapiga kengele. Sijui kama hiyo inanifariji au inaniudhi. Leo asubuhi nimeamka saa kumi na moja, nikanyoosha shati, ndipo nikakumbuka naenda ghalani.

Saa tisa korosho zangu zikakubaliwa. Bei ya minada ya mwanzo mwaka huu ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, kwa hiyo pale ghalani hakuna aliyekuwa na uso mbaya, hata waliolala nje. Viroba viwili, kilo 97. Kijana akaandika jina langu, na kwenye mstari wa kazi akaandika "mkulima" bila kuniuliza. Mwandiko bado mzuri.

Bibi alipimiwa baada yangu. Alikuja na stakabadhi yake, akaniomba nimsomee kwa sababu miwani kaisahau nyumbani. Nikavaa yangu, nikasoma kwa sauti ya darasani, jina, tarehe, uzito.

"Kilo 45, bibi."

"Nilipima debe nne," akasema, akaikunja na kuitia kwenye pindo la kanga. "Nilitaka kusikia kama wameandika."